Mapasa wa Chaneli ya Wachina

Televisheni ya saluni yetu pale Yeoville, Johannesburg, ilishika chaneli tatu tu: ya mahubiri, ya mpira wa zamani, na ya Wachina. Mwenye saluni, mama wa Kinshasa, alilinunua dishi lake kwa Mchina wa duka la jumla aliyemwapia kwamba halina malipo ya mwezi. Hakumdanganya. Mahubiri mama yule aliyachoka, mpira ulikuwa wa mwaka juzi na matokeo kila mtu anayajua, basi tukabaki na Wachina. Sauti aliizima kabisa, maana redio yake ilipiga muziki wa kwao kuanzia kufungua mpaka kufunga, na aliyeigusa alikuwa anatafuta ugomvi.

Kwa hiyo mimi maisha ya panda niliyafuata kwa macho, bila masikio. Na ndivyo nilivyokosea kwa miezi.

Ilikuwa baridi ya mwaka 2011. Yule mama panda nilimwona mara ya kwanza amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu kaitupa mbele, kama mwanamke aliyemaliza kufua nguo za watu. Kifuani ameshika kitu. Nikadhani ni panya. Kilikuwa chekundu, hakina manyoya, mdomo wazi, na kiganja cha mama kilikifunika chote. Nikaacha kusuka.

Mwenye saluni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kinshasa, "Mama Mapasa, ile nyama iko naitwa je?"

Mlangoni petu alikaa fundi cherehani wa Tanzania, mtu wa kusahihisha watu. Akasema bila kuinua kichwa, "Nyama iko buchani, mama. Yule ni mnyama. Anaitwa panda."

"Panda wapi?"

"Hapandi popote. Ndilo jina lake, panda."

"Kama hapandi, kwa nini anaitwa panda?"

"Kamuulize Mchina aliyekuuzia dishi."

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile jina aliloniita, Mama Mapasa, kila nilipolisikia lilinichoma.

Kwetu Uvira mwanamke akizaa mapacha, yaani mapasa, jina lake la zamani limekwisha. Mimi nilizaa hapa hapa Johannesburg, wasichana wawili, na wanawake wa kwetu walikuja hospitali na unga na majani, wakaimba zile nyimbo za matusi zinazoimbwa kwa mapasa, nesi akawafukuza. Kuanzia siku ile nikawa Mama Mapasa. Na mapasa wana sheria zao. Ukimpa mmoja mkate, mwenzake naye apate. Ukimsalimu mmoja ukamruka wa pili, umekaribisha ubaya nyumbani. Hata ukimchapa mmoja, mwenzake mguse kidogo, asione ametengwa.

Sasa nilikuwa Mama Mapasa mwenye mtoto mmoja, na wateja wageni waliuliza, "Yuko wapi wa pili?"

Wa pili alikuwa Joubert Park, na nitaeleza alifikaje huko.

Mwaka 2008 tulikaa mtaa wa mabati, upande wa mashariki wa jiji, mimi, mume wangu na watoto wetu ambao hata kusema sawasawa walikuwa hawajajua. Baridi ilipokuwa inaanza, majirani walitugeuka. Nikisikia watu wanasema "wageni walishambuliwa" nauliza, na nani? Na upepo? Mimi nawajua. Aliyeonyesha mlango wetu ni mama wa spaza, kile kiduka cha pembeni, ambaye binti yake nilikuwa namsuka kila mwisho wa wiki. Aliyeuvunja ni mtoto wa mwenye nyumba. Blanketi zetu alizibeba dada yake, nilimwona amejitwika. Waliomrudisha mume wangu ndani alipotaka kutoka walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mlinzi mwenzake wa geti moja, chai walikunywa kikombe kimoja. Majina yao ninayo. Siyaandiki kwa sababu wanangu bado wanaishi nchi hii, si kwa sababu nimesamehe.

Mume wangu hakutoka. Mimi nilitoka na watoto, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, nikaishia kwenye mahema ambayo serikali ilituwekea.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kwenye mahema akalia mpaka sauti ikakatika. Mmoja wa watoto alikuwa anakohoa vibaya. Wifi akamchukua mapajani.

"Nipe huyu wa kikohozi," akasema. "Baridi ikiisha nitamrudisha."

"Wifi, ukichukua mmoja chukua wote. Ni mapasa."

"Niwaweke wapi? Chumba changu ni nusu ya chumba, pazia katikati, na upande wa pili kuna familia ya watu."

Ni kweli, ghorofa za Joubert Park ndivyo zilivyo. Nikampa. Baridi ikaisha, ikaja nyingine, ikaisha nayo. Nilipata kazi ya kusuka na chumba Bellevue kwenye nyumba iliyokatwakatwa, nikaenda kumchukua mwanangu. Wifi akafungua mlango nusu. Mara mtoto amelala. Mara ana homa. Mara ameanza shule ya chekechea, usimvuruge. Mwisho akasema, "Amezoea, wifi. Muulize mwenyewe." Mtoto alisimama nyuma yake ameshika sketi. Mtoto alimwita wifi "mama." Mimi nilikuwa "anti wa Yeoville."

Kwa hiyo mtu asinishangae kwa kumtazama panda kama mtu anayetazama kesi yake mahakamani.

Wachina walikuwa wameweka kamera ndani ya chumba cha yule mama, kwenye bustani yao ya wanyama, na karibu kila alasiri walionyesha kipande. Nilimwona anavyomlamba mtoto, anavyomgeuza kwa mdomo. Halafu nikamwona mfanyakazi mwenye nguo za bluu. Alipitisha bakuli la uji mtamu kwenye nondo. Mama panda akapenda, akainua mikono yote miwili kushika bakuli, na hapo hapo mkono mwingine ukaingia kwa chini ukamchukua mtoto.

"Mwizi," nikasema.

Saluni nzima ikageuka. Kesho yake mtoto yuko tena kifuani kwa mama, keshokutwa bakuli tena, mkono tena. Wanawake wakaingia mchezoni, wakawa wanamtukana yule bwana kwa lugha zote za Afrika. Mimi nilimpa jina. Nilimwita Wifi.

"Wifi amekuja na bakuli lake," nilisema, na mteja kichwa kimesukwa nusu anapiga kofi pajani.

Nilikuwa na hoja. Niliwaambia kwamba huko anakopelekwa mtoto hapewi chakula, maana leo akirudi amenenepa, keshokutwa amekonda. Fundi akasema macho yangu mabovu. Nikamwambia mimi ni mama, mtoto aliyekonda namjua hata kwenye televisheni. "Na sikio leo lina weusi mdogo kuliko jana," nikasema. "Wanamfanya nini?"

"Labda wanamfua," akasema fundi.

Siku moja mwenye saluni alikwenda msibani, redio ikapumzika. Binti yangu alikuwa ametoka shule, amekaa kwenye ndoo akichambua nywele za bandia. Wakati huo alikuwa anakisikia Kiswahili chote lakini kukijibu hataki, anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Aliongeza sauti ya televisheni, kumbe Wachina wale walisema Kiingereza, akasikiliza, kisha akanitazama kama mtu anayetazama mjinga anayempenda.

"Mama, si mmoja. Ni wawili."

"Wawili wako wapi? Mimi namwona mmoja."

"Mwingine yuko kwenye sanduku la joto. Wanasema panda akizaa wawili hawezi wote. Anachukua mmoja, mwingine anamwacha chini. Kwa hiyo huyo mjomba anawabadilisha. Huyu ananyonya, yule anakaa kwenye joto. Halafu yule naye ananyonya."

"Na mama anajua?"

Akasikiliza tena. "Wanasema labda hajui. Lakini anawapenda wote, kwa sababu kila anayemshika ni wake."

Fundi alisimamisha cherehani. "Basi tumemtukana bure yule bwana," akasema. "Wifi si mwizi."

Binti yangu akaendelea na nywele zake. Baadaye kidogo akauliza, taratibu, "Sisi nani yuko kwenye sanduku? Mimi au yeye?"

Nilimwambia anipe kitana.

Jumapili ile tulishuka Joubert Park, mimi na yeye. Wifi alifungua mlango nusu kama kawaida yake, uso ameukaza tayari kwa vita.

"Sikuja kumchukua," nikasema. "Nimekuletea huyu."

"Unanitega."

"Sikutegi. Kaa naye mpaka Jumapili. Mimi niende na huyo. Jumapili nakurudishia wako, unanirudishia wangu. Hutakaa hata siku moja bila mtoto."

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kwenye televisheni."

"Umeokoka?"

"Si chaneli hiyo."

Nikamweleza habari ya panda, pale pale mlangoni, watu wa upande wa pili wa pazia wanasikiliza. Wifi akacheka kwa dharau, akasema yeye si mnyama wa Wachina. Nikamwambia, "Sawa. Lakini mapasa unawajua. Umemlisha mmoja miaka hii yote ukamruka mwenzake. Mtoto wa kaka yako. Huogopi?" Mume wangu na yeye walilelewa na bibi mmoja, sheria zile anazijua kuliko mimi. Akamtazama binti yangu mlangoni, ambaye alikuwa na uso ule ule wa yule aliyeshika sketi yake, na mlango ukafunguka wote.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Yule wa kikohozi, aliyekwisha kupona zamani, alilia kwangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Hakutaka sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo. Aliniambia kwa Kizulu kwamba chumba changu kinanuka mafuta ya nywele, nami nikajifanya sikuelewa. Jumapili wifi naye alikuja amechoka. "Huyu wako anakula kama askari," akasema. "Na anauliza maswali. Kaniuliza kwa nini nilimchukua dada yake." "Ukamjibuje?" "Nilimpa mkate mwingine."

Lakini tulirudia. Wiki baada ya wiki, tukikutana pale kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na bustani ya Joubert Park, watoto wakabadilishana. Walianza kupeana koti, kwa kuwa koti zito lilikuwa moja. Mmoja anavua, mwingine anavaa, anakwenda. Hawakuagana. Na yule wa kikohozi akawa hajui kuniita anti, wala hajui kuniita mama, mpaka siku moja aligombana na mwenzake juu ya kiti saluni akasema, "Mwambie mama," na mwenzake akajibu, "Mwambie wewe." Niliendelea kusuka. Yule mteja nilimsuka mistari imepinda, akalalamika.

Panda nao wakakua. Manyoya yakaota, meusi mahali pake, macho yakafunguka. Wachina wakawapa majina kwa sherehe, sisi wa saluni tukashindwa kuyatamka. Siku walipoanza kupanda mti, mmoja akafika kwenye tawi akashindwa kushuka, akalala huko. "Haya," fundi akamwambia mwenye saluni, "panda amepanda. Umeridhika?" Sasa wanangu walipigania kuketi mbele ya televisheni, na yeyote aliyekuwa wiki yake kwangu alipaswa kumsimulia mwenzake Jumapili kila kitu, nani kaanguka, nani kamnyang'anya nani mwanzi.

Tuliwahi kuwapeleka bustani ya wanyama ya hapa Johannesburg, wifi na mimi, tukaona tembo na simba, watoto wakatafuta panda mpaka wakachoka. Mlinzi akatuambia, "Eish, mama, hao hatuna. Hao ni wa China." Tukakaa kwenye benchi na wifi tukimenya machungwa. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

"Nilipokuja kwenye mahema," akasema, "nilikuwa natafuta kitu chenye uso wa kaka yangu. Nilimkuta huyu. Nikasema nikimrudisha nitabaki na nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nilibaki na nini. Lakini alikuwa ananipa chungwa lililomenywa, nikalipokea.

Mwaka 2013 panda waliachishwa kunyonya. Mama aliwapa mgongo, wakamfuata, akawasukuma, wafanyakazi wakamhamisha upande wa pili wa ukuta. Nilikosa raha. Fundi alisema mnyama akikua ndivyo, nikamwambia anyamaze. Mwaka uliofuata wakamweka mmoja kwenye sanduku kubwa na mianzi yake, akapandishwa ndege, akapelekwa bustani ya nchi nyingine. Mwenzake walimwonyesha amekaa peke yake chini ya ule mti, anakula.

"Kwa nini hawakwenda wote?" wanangu wakaniuliza, mmoja wiki ile, mwingine wiki iliyofuata, maneno yale yale.

Haukupita muda, wifi akaja saluni siku ambayo si Jumapili. Alikuwa amepata kazi ya usafi Cape Town, mahali pazuri, na chumba. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Ninahama," akasema. "Mmoja naenda naye."

"Haiwezekani."

"Inawezekana. Wewe ubaki na mmoja, mimi na mmoja. Kama wale wanyama wako. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilikufundisha kubadilishana, wifi. Cape Town mtu habadilishani Jumapili."

"Mila za Uvira zimebaki Uvira," akasema. "Niliwalea mimi. Huyu wa kikohozi angekufa kwenye mahema yako. Nani alimponya?"

Ilikuwa kweli. Akasema basi linaondoka Park Station Jumapili, na atakayekuwa kwake wiki hiyo ndiye atakayekwenda naye. Wiki hiyo kwake alikuwa yule wa kikohozi.

Ningeweza kwenda kumnyakua katikati ya wiki. Nilishawahi kuvunjiwa mlango, sikutaka wanangu waone mimi nikivunja wa mtu. Nilisubiri, silali, sili. Jumapili nikamwamsha mwenzake, nikamvisha, tukaenda Park Station. Sikumwambia tunakwenda kufanya nini. Nilishindwa.

Wifi alikuwa kwenye foleni ya basi na mabegi yaliyofungwa kamba, mtoto pembeni yake ameshika mfuko wa chakula cha njiani. Aliponiona akajiweka mbele ya mtoto. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, majina ya watu wote walionidhulumu, na lake la mwisho.

Watoto hawakutusubiri. Yule wa wifi alivua koti. Akampa mwenzake pamoja na ule mfuko, akaja akasimama ubavuni kwangu. Mwenzake akalivaa, akafunga vifungo, akaenda akasimama ubavuni kwa wifi kwenye foleni. Kama kila Jumapili.

Wifi akamtazama aliyesimama naye. Kwenye begi alikuwa amepanga nguo za mwingine. "Si wewe," akasema. "Anayekwenda ni mwenzako."

"Wiki hii ni mimi," mtoto akasema. "Yeye ni wiki ijayo."

"Cape Town ni mbali."

"Sawa. Atakuja wiki ijayo. Mama atamleta kwenye robot." Kisha akauliza, "Kuna robot?"

Foleni ikasogea. Wifi hakusogea, watu wakaanza kumpita. Akanigeukia. "Mwambie," akasema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye unayesafiri."

Alifungua mdomo. Alimshika mtoto kola ya koti, akaifunga vizuri, akaifungua, akaifunga tena. Dereva akaita. Wifi akauchukua ule mfuko wa chakula, akautazama, akamrudishia mtoto. "Mle wote," akasema kwa Kiswahili. "Ndizi zimo mbili." Akapanda basi peke yake. Kiti chake kilikuwa upande wa pili, dirisha lake hatukuliona.

Nilikuwa nimeisubiri siku ile tangu mahema. Nilidhani nitapiga vigelegele. Nilipanda kwenda Bellevue kwa miguu na wanangu wawili, mbele yangu wanagombania ndizi ipi kubwa, na mimi nyuma nalia juu ya mwanamke aliyeninyima mtoto wangu.

Jumapili iliyofuata niliamka nikamkuta yule wa kikohozi mlangoni, amevaa koti, viatu amefunga, begi mgongoni. Mwenzake alikuwa bado amelala. Nilimpigia wifi.

"Mmoja amevaa," nikasema. "Anataka kuja kwako. Nimwambie nini?"

Nilisikia maji yakifungwa. Alikuwa kazini. "Ni yupi?" akauliza.

"Yule wa kikohozi. Wiki hii ni yeye."

Kisha akasema, "Mpe simu."

Nikampa. Sijui alimwambia nini, maana mtoto alijibu kwa Kizulu, ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Mwenzake akaamka, akaja na blanketi lake, akabandika sikio upande wa pili wa simu.